Jinsi ya Kulielewa na Kulitumia Neno la Kiingereza "Boycott"

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikisahihisha insha za Kiingereza za wanafunzi wa kidato cha pili, nilikutana na sentensi hii: "The students boycotted to eat beans because of insects." Kisa chenyewe kilikuwa cha kweli, nami nilikishuhudia. Maharage yalikuwa yamebunguliwa, wapishi wakayapika hivyo hivyo, na ilipofika saa saba mchana sahani zilikuwa zimepangwa mezani zikifuka moshi, huku wanafunzi wamesimama uwanjani, mikono mifukoni, bila kelele wala fujo. Niliipigia sentensi hiyo mstari mwekundu, kisha kalamu ikasita, kwa sababu niliona kwamba kosa lake halikuwa la sarufi peke yake. Mwandishi alikuwa amefikiri kwa Kiswahili kisicho na dosari, "wanafunzi walisusia kula maharage", kisha akang'oa neno moja na kupandikiza jingine mahali pake, kama kamusi ndogo za mfukoni zinavyomshauri afanye.

Kamusi hizo husema kwamba "boycott" ni kususia, na hazisemi uongo, ila zimesema nusu. Anayetaka kulitumia neno hili kwa usahihi, iwe katika mtihani, katika habari ya gazeti au katika barua ya chama, anahitaji kuwa na vitenzi vitatu vya Kiswahili mkononi: kutenga, kususia na kugoma. Neno hili lilizaliwa katika maana ya kwanza, likahamia katika ya pili na kukaa huko, na mpaka leo halijapata uraia kamili katika ya tatu. Historia yake ndiyo inayotuonyesha sababu, kwa hiyo nitaanza nayo na kukaa nayo kidogo.

Jina la mtu lililogeuka kitenzi

Charles Cunningham Boycott alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1832 huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Jina la ukoo wao hapo awali liliandikwa Boycatt, na lau familia haikubadili tahajia hiyo mwaka 1841, wanafunzi wetu leo wangekuwa wanahangaika na neno jingine. Alitumikia jeshi kwa muda mfupi, kisha akahamia Ireland, ambako watu walimwita Kapteni Boycott. Katika miaka ya 1870 alikuwa akiishi katika nyumba iliyoitwa Lough Mask House, karibu na mji mdogo wa Ballinrobe katika kaunti ya Mayo, magharibi mwa nchi hiyo, akiwa amekodi shamba lake mwenyewe na wakati huohuo akiwa wakala wa bwana mmoja mwenye ardhi aitwaye Lord Erne. Kazi ya wakala ilikuwa kukusanya kodi kutoka kwa wakulima wapangaji na kuwatoa katika mashamba wale walioshindwa kulipa, kazi ambayo haijawahi kumpa mtu marafiki popote duniani.

Mavuno ya mwaka 1879 yalikuwa mabaya, na mwaka huohuo wakulima wa Ireland waliunda umoja wao wa kudai haki za ardhi, Land League, ambao rais wake alikuwa mwanasiasa Charles Stewart Parnell. Mwaka uliofuata wapangaji wa Lord Erne waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Bwana akakubali asilimia 10 tu. Siku chache kabla ya mambo kuharibika huko Mayo, tarehe 19 Septemba 1880, Parnell alihutubia umati katika mji wa Ennis na kuwauliza wamfanye nini mtu anayechukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa. Sauti zikatoka katika umati zikisema apigwe risasi. Parnell akawajibu kwamba iko njia bora zaidi, yenye utu na ya Kikristo: wampishe njiani wanapokutana naye, wasiseme naye dukani wala sokoni wala hata kanisani, wamwache peke yake kama wagonjwa wa ukoma walivyotengwa zamani.

Ushauri ule ulimlenga mkulima mwenye tamaa, lakini aliyeonjeshwa kwa ukamilifu ni wakala. Mwishoni mwa Septemba tarishi wa mahakama alipoanza kugawa hati za kuwatoa wapangaji, wanawake wa pale walimrushia mawe, matope na samadi mpaka akakimbilia nyumbani kwa Boycott. Haikupita muda, watumishi wa nyumba wakaondoka, vibarua wa shamba wakaondoka, mhunzi akakataa kupiga viatu vya farasi wake, dobi akakataa nguo zake, na wenye maduka wa Ballinrobe wakakataa kumuuzia chochote. Viazi na mazao mengine ya mizizi yakabaki ardhini bila wa kuyachimba. Mwezi Oktoba alilalamika kwa barua iliyochapishwa katika gazeti la The Times la London, na malalamiko yake yakageuza ugomvi wa kijijini kuwa habari ya nchi nzima.

Serikali na wafadhili wa Boycott hawakukubali kuona mazao ya mtu wao yakioza. Mwezi Novemba wakapelekwa watu 50 wa kujitolea kutoka kaunti za Cavan na Monaghan, huko kaskazini, kuvuna shamba lake chini ya ulinzi wa askari na polisi wanaokadiriwa kufika elfu moja. Mazao yenyewe yalikisiwa kuwa na thamani ya pauni 500 hivi, na gharama ya kuyalinda ikakisiwa kufika pauni 10,000. Parnell alitania kwamba kila tanipu, mojawapo ya mazao hayo ya mizizi, imeigharimu serikali shilingi nzima. Mwanzoni mwa Desemba Boycott na familia yake walikuwa wameshaondoka Ireland. Alifariki mwaka 1897, na kufikia wakati huo jina lake lilikuwa limeshaingia katika lugha nyingi za Ulaya kama kitenzi cha kawaida.

Nani hasa aliyelifanya jina hilo kuwa kitenzi? Simulizi inayojulikana zaidi ni ya James Redpath, mwandishi wa habari kutoka Marekani. Kwa mujibu wake, yeye alikuwa akizungumza na padri wa hapo, John O'Malley, akimweleza kwamba anatafuta neno la kuita jambo hili wanalomfanyia wakala. Kiingereza tayari kilikuwa na neno "ostracise", ambalo lina asili ya Kigiriki na linatokana na vigae ambavyo raia wa Athens ya kale waliandika juu yake jina la mtu waliyetaka afukuzwe mjini kwa miaka kumi. Padri akaona kwamba wakulima wake hawataelewa neno zito namna hiyo, akafikiri kidogo, kisha akauliza kama haingefaa kusema "to boycott him". Jambo lisilo na shaka ni kwamba tarehe 20 Novemba 1880, wakati wavunaji wangali shambani kwa Boycott, gazeti la The Times lilikuwa tayari likiandika neno hilo kama kitenzi kuhusu watu wa mahali pengine kabisa. Wafaransa wakasema "boycotter", Wajerumani "boykottieren", Waturuki "boykot". Waarabu hawakulichukua, kwani walikuwa na lao, muqata'a, lenye mzizi wa maana ya kukata.

Maana ya leo na mipaka yake

Ukiangalia kisa hicho kwa makini utaona kwamba Boycott hakususiwa bidhaa, kwa kuwa hakuwa muuzaji. Yeye ndiye aliyekuwa mnunuzi. Alichofanyiwa ni kile ambacho watu wa vijijini kwetu hukiita kutenga: jirani hakupi moto, hakuitiki salamu, haji msibani kwako, na wewe ukienda msibani kwake unakuta hakuna anayekusogezea kiti. Maana hiyo ya asili bado ingalipo katika Kiingereza, lakini imefifia, na mwandishi wa leo anayetaka kusema kwamba mtu ametengwa na jamaa zake hana budi kutumia "ostracise" au "shun", kwa sababu akiandika "the villagers boycotted him" msomaji ataelekea kufikiri kwamba bwana huyo ana duka, au anagombea uenyekiti wa kijiji na mikutano yake haihudhuriwi.

Maana iliyotamalaki sasa ni hii: watu wengi, kwa kukubaliana na kwa hiari yao, wanakataa kununua kitu, kutumia huduma, kushiriki katika shughuli au kuhudhuria mahali, kwa lengo la kumwadhibu mhusika au kumlazimisha abadili mwenendo wake. Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi yake, na njia rahisi ya kujipima ni kukiondoa kipande kimoja na kuona kama neno bado linakaa. Ondoa lengo: mtu anayeacha kunywa soda kwa sababu ya kisukari hajafanya "boycott", ameacha tu. Ondoa hiari: serikali inapopiga marufuku bidhaa za nchi nyingine, hiyo ni "embargo" au "ban", kwa kuwa raia hakuulizwa. Ondoa haki ya kuchagua, yaani mtu akose uwezo wa kununua hata kama angetaka, nalo neno linakuwa dhihaka, maana maskini hasusii nyama.

Kipande kinachohitaji maelezo zaidi ni kile cha wingi. Kiingereza hakimkatazi mtu mmoja kusema "I am boycotting that shop", na husemwa kila siku, lakini nyuma ya usemi huo mna dai kwamba kuna sababu ya haki ambayo wengine nao wangepaswa kuifuata. Kiswahili kimelitenganisha jambo hili kwa ustadi ambao Kiingereza hakina. Tuna kususa, ambako ni kwa mtu mmoja aliyenuna, na tuna kususia, ambako kunaweza kubeba uzito wa siasa. Mtoto aliyekataa wali kwa sababu ndugu yake amepewa paja la kuku amesusa. Chama kilichokataa kwenda kwenye uchaguzi kimesusia. Ndiyo maana usemi ulioandikwa kwenye kanga nyingi, "Ukisusa wenzio wala", ni onyo kwa mnunaji, na hapohapo unaeleza kwa nini "boycott" yoyote yenye mashimo hushindwa: sahani haibaki bila mlaji.

Mfano wa karibu ni wa wanariadha wetu. Mwaka 1976 zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika na miongoni mwake Kenya na Tanzania, zilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia, na medali ya dhahabu ya mbio hizo ikachukuliwa na mpinzani wake John Walker, ambaye ni wa New Zealand hiyohiyo. Mwaka 1980 Marekani iliongoza nchi nyingine kuisusia Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovyeti kuingia Afghanistan. Kenya ikajiunga na wasusiaji. Tanzania ikaenda, na Bayi akarudi na medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, huku Suleiman Nyambui akipata ya fedha katika mita 5000. Ukilieleza hilo kwa Kiingereza utaandika "Kenya boycotted the 1980 Olympics", na utaona kwamba sentensi imekamilika bila kihusishi chochote.

Namna ya kuliweka katika sentensi

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. "Boycott" ni kitenzi elekezi, maana yake kinashika yambwa moja kwa moja kama vile kupiga au kununua. Baada yake huja jina la kinachosusiwa, na si "from", si "to", si "against", wala si "for". Mwandishi wa Kiswahili huvutwa kutia kihusishi kwa sababu kitenzi chetu kina kiambishi cha kutendea, yaani susa inakuwa susia, goma inakuwa gomea, nasi tunahisi kwamba lazima Kiingereza nacho kiwe na kitu cha kubeba hiyo "-ia". Hakina. Iandikwe "The opposition boycotted the election", kama ilivyotokea Zanzibar ambako chama cha CUF kilisusia uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016. Pia inaruhusiwa kuigeuza kauli: "The election was boycotted by the opposition."

Kosa la pili ni lile la mwanafunzi wangu, la kufuatisha kitenzi kingine chenye "to". Kwa Kiswahili tunasema "walisusia kuhudhuria kikao", na "kuhudhuria" hapo ni sahihi kabisa. Kwa Kiingereza, "they boycotted to attend the meeting" haisimami. Kinachosusiwa ni kikao chenyewe, si tendo la kukihudhuria, kwa hiyo "they boycotted the meeting" inatosha, na tena ni fupi. Ikiwa unalazimika kulitaja tendo, badili kitenzi: "they refused to attend the meeting." Nimeliona kosa hili hata katika magazeti ya Kiingereza ya hapa Afrika Mashariki, kwa hiyo asijione mjinga yeyote aliyewahi kulifanya.

Neno likitumiwa kama nomino, mambo yanageuka, na kihusishi kilichokuwa haramu kinakuwa halali. Husemwa "a boycott of the election", na kwa bidhaa au kampuni utasikia pia "a boycott on" na "a boycott against". Cha kwanza ndicho salama kuliko vyote, nami humshauri asiye na uhakika akishike hicho. Nomino hiyo ina wenzake inaoambatana nao karibu kila mara: kiongozi huitisha, "call for a boycott", wafuasi hujiunga, "join the boycott", madai yakitimizwa huondolewa, "lift the boycott", au hufutwa hata kabla ya kuanza, "call off". Mwishoni mwa mwaka 2017 viongozi wa upinzani nchini Kenya walipowataka wafuasi wao waache kununua bidhaa na huduma za kampuni kadhaa, vichwa vya habari vya Kiingereza vilitumia "call for" hiyohiyo. Anayeandika "make a boycott" ataeleweka, lakini msomaji mzoefu atajua kwamba mwandishi ametafsiri "kufanya".

Tahajia haina matata mengi. Herufi t ni mbili mwishoni hata kabla ya kuongeza chochote, kwa hiyo "boycotted" na "boycotting" hazihitaji hesabu yoyote ya kurudufu konsonanti. Herufi kubwa iliyokuwepo mwanzoni kwa sababu ya jina la mtu ilishaachwa zamani. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, bói-kot, jambo ambalo mdomo wa Mswahili hulisahau kwa kuwa umezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Bahati nzuri katika neno lenye silabi mbili, mazoea hayo na matamshi ya Kiingereza yanakubaliana, mpaka utakapoongeza "-ed" na kujikuta unasema "boi-KÓ-tid". Mkazo haubanduki: bói-ko-tid.

Mtunzi wa hadithi na mfasiri wa historia wana tahadhari yao ya ziada. Tendo lenyewe ni la kale kuliko neno. Mwaka 1791 maelfu ya familia za Uingereza zilianza kuacha sukari ya Karibi kwa sababu ilizalishwa na watumwa, na wanahistoria wa leo huandika bila wasiwasi kwamba hiyo ilikuwa "sugar boycott". Lakini mhusika wa hadithi anayeishi mwaka 1791 hawezi kulitamka neno hilo, kwa kuwa mtu aliyelipa jina alikuwa bado miongo minne hajazaliwa. Mhusika huyo atasema "abstain", na ndivyo walivyosema.

Kuvuka na neno hili kutoka lugha moja kwenda nyingine

Unapotafsiri kwenda Kiswahili, mtego mkubwa ni neno mgomo. Kugoma ni kukataa kufanya kazi au wajibu ambao mtu anatarajiwa kuufanya: daktari amegoma, dereva amegoma, na wafanyakazi wanaoburuta kazi makusudi wako katika mgomo baridi. Kwa Kiingereza hiyo ni "strike", na huo wa mwisho ni "go-slow". Sasa fikiria tukio mashuhuri la Montgomery, Alabama, ambako Waamerika Weusi walikataa kupanda mabasi ya mji kwa siku 381, tangu Desemba 5, 1955, baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Kwa Kiingereza tukio hilo huitwa "Montgomery bus boycott". Nimekuta tafsiri zinazoliita "mgomo wa mabasi wa Montgomery". Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi akisoma maneno hayo anaona madereva wameegesha magari stendi na abiria wamekwama barabarani na mizigo yao, yaani kinyume kabisa cha kilichotokea, kwa maana Montgomery mabasi yalitembea, tena yalitembea karibu matupu, na abiria ndio waliotembea kwa miguu. Sema "kususiwa kwa mabasi ya Montgomery", au andika sentensi nzima na kuacha kutafuta jina fupi.

Hilo la jina fupi linakera, nakiri. Kitenzi chetu ni kizuri kuliko chao, lakini nomino yetu haijatulia. Wapo wanaoandika ususiaji, wapo wanaoandika usususiaji kwa bahati mbaya ya vidole, na wapo wanaokimbilia "kampeni ya kutonunua". Mimi hupendelea kitenzijina, kususia, kwa sababu ndicho wasomaji hukitumia bila kukiwazia. Kwa wanafunzi na darasa, mlango uko wazi zaidi. Kiingereza cha magazeti yetu husema "students boycotted classes", na Kiswahili hukubali "wanafunzi wamesusia masomo" na "wanafunzi wamegomea masomo" vilevile, kwa kuwa kusoma kuko katikati, ni huduma anayopewa na ni wajibu alionao. Hapo ndipo pekee ninapoona neno hili likikaribia kugoma. Kwa mfanyakazi haikubaliki: "the workers boycotted work" ni Kiingereza kibovu, nayo "the workers went on strike" ndiyo sahihi.

Ukielekea upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mtego ni kususia yenyewe, kwa kuwa ina chumba ambacho "boycott" haijawahi kuingia. Mke aliyechoka akisemwa kwamba "amemsusia mumewe watoto", hakuna aliyesusiwa kwa maana ya kisiasa. Maana yake ni kwamba ameondoka kwa hasira na kumwachia mwenzake mzigo, na Kiingereza chake ni "she walked out and left him with the children". Vivyo hivyo mteja aliyeona amepunjwa, akasema "nikamsusia chenji yake", ameiacha ile hela mezani kwa kuudhika. Ukiandika "I boycotted his change" utakuwa umemchekesha msomaji bila kukusudia. Naye mtu aliyesusa tu, amejifungia chumbani na hataki chai, kwa Kiingereza "is sulking". Lakini wajomba wakikataa kufika harusini kwa sababu hawakushirikishwa katika mahari, hapo "the uncles boycotted the wedding" inakaa vizuri, maana wajomba ni wengi, wamekubaliana, na wana jambo wanalolidai.

Narudi kwenye ile insha. Juu ya mstari mwekundu niliandika "The students boycotted lunch because there were weevils in the beans", maana walichokataa kilikuwa mlo mzima, wala si maharage peke yake. Ugali nao ulibaki. Kisha nikamwita mwandishi ili anithibitishie kwamba ni wanafunzi wote. Akatazama chini, akasema wapo wachache waliozunguka kwa mlango wa jikoni wakala. Nikaongeza maneno mawili mbele: "Most of".